Sura ya Saba: Kofi Lililochelewa

Inspekta Kobe alikuwa amebakiza siku kumi na tisa astaafu, ila goti lake la kulia lilikuwa limeshastaafu tangu mwaka juzi bila kumwomba mtu ruhusa. Goti hilo lilikuwa na sifa zake kituo kizima. Liliwahi kutabiri mvua siku nne kabla ya redio, na mara moja lilimkamata mwizi wa baiskeli peke yake, kwa kugoma kupanda ngazi, kumbe mwizi mwenyewe kajibanza chini ya ngazi hizohizo. Aliyebisha alionyeshwa baiskeli.

Alhamisi hiyo, saa sita mchana, goti na mwenyewe walikuwa wamechoka sawasawa. Mkuu wa kituo alimtupia jalada mezani, akamwambia gari la mahakama lingepita saa kumi kuchukua majalada yote, hivyo atie sahihi, kesho mwanamke asomewe mashtaka, watu wapumzike.

Mwanamke mwenyewe alikuwa fundi mitambo wa studio moja ya kurekodi vipindi. Wenzake walimwita Sisimizi, kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa ndani ya dari na chini ya sakafu, akivuta nyaya. Jumamosi iliyopita studio ilimrekodi Mzee Nyuzi, mpiga gitaa mkongwe, akipiga nyimbo zake na kusimulia maisha yake. Jumatatu alfajiri mzee akafa usingizini. Diski yenye masimulizi yale, kitu kidogo kama kiberiti, ilikuwa imeshapotea tangu Jumamosi jioni. Nakala nyingine haikuwepo. Ufunguo wa chumba cha mitambo alikuwa nao Sisimizi, mlinzi alimwona akitoka humo, na katikati ya onyesho picha iliyokuwa inakwenda kwenye kinasa ilikuwa imekatika kwa sekunde kumi na moja. Jalada lilisema aliikata ili achomoe diski.

Kobe alisoma, akapiga miayo, akasoma tena. Jalada lilikuwa safi mno. Alikuwa na miaka thelathini na minne kazini, na hajaona jalada safi ambalo halikufagiliwa na mtu.

Kwenye korido, mama yake Sisimizi alikuwa amekaa kwenye benchi lilelile kwa siku ya nne, chombo cha chakula mapajani. Alimuuliza Kobe kama ameshakula. Kobe akasema bado.

"Basi mwanangu ukamalize kazi yako," mama akasema, "ili sote tule."

Kobe alikuwa na wajukuu sita. Hata hivyo alijibu "ndiyo mama," akaenda mahabusu akichechemea.

Sisimizi alikuwa amekaa sakafuni anatazama taa ya dari. Alisema yule aliyeifunga aliunganisha waya kama anafunga kuni. Kobe akamwambia ana saa nne za kumweleza jambo ambalo hakimu atalielewa, na kwamba hakimu hajui kitu.

"Na wewe, Afande, unajua nyaya?"

"Najua wa pasi."

"Basi tuanzie hapo."

Akamwomba kalamu, akageuza karatasi ya mashtaka yake mwenyewe, na mgongoni mwake akachora vyumba vitano. Jukwaa katikati. Mapokezi ukuta wa kushoto. Chumba cha mitambo ukuta wa kulia. Juu, chumba cha kuongozea. Kule mbele, ofisi ya meneja. Kisha akachora mistari.

Picha, alisema, ni kama abiria, inategemea imepanda nini. Waya wa kwanza ni koaksi, binamu yake ule wa antena, na mfumo wake mafundi wanauita SDI. Kichwa chake ni cha chuma, unakizungusha mpaka kinaitika, na hapo ng'ombe akijikwaa atang'oka ng'ombe. Unakwenda mita mia bila kulalamika, na picha inafika papo hapo inapoondoka. Wa pili ni HDMI, ule ambao kila mtu anao nyuma ya televisheni yake. Picha yake nzuri sana, hana la kusema, lakini hautaki safari. Ukizidi mita kumi na kitu unaanza kukohoa, na kichwa chake hakina kufuli. Kinashikiliwa na msuguano na dua. Wa tatu ni wa mtandao. Huo unafika popote kompyuta inapofika, unabeba picha, sauti na umbea wa ofisi nzima kwa waya mmoja. Ila picha inabanwa kwanza kama nguo za safari kwenye sanduku, ikifika ndiyo inafunguliwa. Kubana ni muda na kufungua ni muda.

"Upi bora?" Kobe akauliza, maana alitaka kuandika neno moja tu.

"Hakuna bora. Kuna unaofaa pale ulipo. Kamera zetu zinatumia koaksi, na skrini za chumba cha kuongozea na cha mitambo pia. Mapokezi na ofisini ni mtandao. Sasa kinasa, kitu muhimu kuliko vyote, Meneja alisema kitosheke na ule wa nyumbani, HDMI. Nilikataa kwa barua. Nimeandika barua kumi na moja mwaka huu, Afande, zote zipo kwenye faili la matengenezo. Watu wananiita Sisimizi, wangeniita karani."

Jumamosi, akaendelea, alikuwa stoo anatafuta betri ya maikrofoni. Akasikia kwenye kisikilizio mwongozaji anasema picha ya kinasa imepotea. Akakimbia. Akiwa njiani akasikia kishindo, taa moja ya jukwaani imeanguka. Alipofika chumba cha mitambo alikuta picha imerudi yenyewe. Akausukuma ule waya kwa kidole gumba, akafunga mlango, akatoka. Ndipo mlinzi alipomwona.

"Unaweza kuchomoka wenyewe?"

"Upo nyuma ya kabati. Unachomoka ukiguswa na bega. Lakini kujirudisha, hapana, bado hawajautengeneza waya wenye adabu hiyo."

Kobe akakunja karatasi. Akiwa mlangoni akamuuliza, kwa mazoea tu, fundi anajuaje waya upi unachelewesha.

"Hatuuamini kwa maneno. Mmoja anasimama mbele ya kamera anapiga kofi moja. Mwingine anakaa mbele ya skrini, anasikiliza na kutazama."

Studio ilikuwa nyumba ndefu yenye bati jekundu, na geti ambalo lilifunguka kwa mkono mmoja na kufungwa kwa watu wawili. Kobe alianza na mlinzi, kwa kuwa mkuu wa kituo alikuwa amemnong'oneza kuwa kama si fundi basi ni mlinzi, na kama si mlinzi basi ni fundi.

Mlinzi alikuwa mtu mkubwa kama kabati la nguo na alianza kutoka jasho kabla ya salamu. Alisema kweli alimwona fundi akitoka, dakika moja hivi baada ya kishindo. Kabla ya hapo hakuona mtu. Kobe akamuuliza kabla ya hapo alikuwa amesimama wapi. Mlinzi akatazama viatu vyake. Kobe akasubiri. Kusubiri ndiyo silaha pekee ambayo serikali haikumnyang'anya risasi zake.

Mwisho mlinzi akatoa simu kutoka ndani ya soksi, machozi yakimlengalenga. Kurekodi ndani kulikatazwa. Yeye alikuwa ameegemea mlango wa jukwaa, sikio na simu vyote kwenye tundu la ufunguo, ananasa wimbo mmoja kwa ajili ya mama yake ambaye macho yameondoka lakini masikio bado. Aliposikia kishindo alihangaika kwanza kuificha simu kwenye soksi, ndipo aliporuka kurudi kwenye korido.

Kobe akausikiliza wimbo. Ulikuwa zaidi ni sauti ya mlinzi akipumua.

"Rudisha kwenye soksi," akamwambia. "Na funguo za akiba?"

Funguo za akiba za nyumba nzima zilikaa kwenye droo ya Meneja. Droo haikufungwa. Kila mtu alijua, hata paka.

Hivyo njia ya mlinzi ikaishia ukutani, lakini iliacha kitu nyuma: korido haikuwa na macho ya mtu kabla ya kishindo wala mara tu baada yake. Yeyote angeweza kuingia chumba cha mitambo na kutoka.

Ngazi za chumba cha kuongozea zilikuwa kumi na sita. Goti lilizihesabu moja moja. Mwongozaji, bwana mwembamba mwenye sauti iliyokwaruzwa na miaka ya kunong'ona kwenye kisikilizio, alikuwa na daftari lake la kazi, na daftari lilisema hivi: saa kumi na dakika kumi na nne, picha ya kinasa giza, sekunde kumi na moja. Imerudi. Sekunde kama ishirini baadaye, taa imeanguka, hakuna aliyeumia. Ndoano ilikuwa imeliwa na kutu. Mzee Nyuzi alitazama vioo vilivyovunjika miguuni pake, akasema hata dari limempigia makofi, akaendelea na wimbo.

Kobe akauliza nani alikuwa chumbani humo. Mwongozaji na msaidizi wake, wawili tu, hawakuinuka. Akauliza kinasa kinavyofanya kazi. Kina matundu mawili ya diski, akaambiwa. Ya kwanza ikijaa, kinahamia ya pili chenyewe. Ya kwanza ilijaa saa kumi na dakika tano, na hiyo ndiyo iliyopotea.

"Kwa hiyo aliyeichomoa hakutaka nyimbo za mwisho. Alitaka ya mwanzo. Mle ndani kulikuwa na nini?"

Mwongozaji akajikuna shingo. Hadithi tu, akasema. Mzee aliwacheka wenzake wote wa bendi ya zamani, wazima na marehemu. Fulani alilala akipiga ngoma, fulani alioa dada wa mpishi ili ashibe. Saa kumi na dakika chache akasema hata ule wimbo unaopigwa kila harusi, ambao watu wote wanajua ulitungwa na Tarumbeta, kiongozi wa bendi, haukutungwa na Tarumbeta. Aliutunga yeye Nyuzi akiwa na malaria, Tarumbeta akauandikisha kwa jina lake.

"Halafu?"

"Halafu akanywa maji, akaendelea. Sikumbuki, Afande. Mimi natazama picha, maneno yananipita."

Kobe akashuka ngazi kumi na sita. Safari hii goti halikuhesabu, maana kichwa kilikuwa kinahesabu.

Meneja alimpokea ofisini kwa heshima zote, akamvutia kiti. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata. Ukutani nyuma yake ilining'inia picha ya bwana mwenye mashavu yaliyojaa upepo, tarumbeta mdomoni. Chini ya picha, juu ya kabati la majalada, lilikaa kasha la tarumbeta la ngozi nyeusi.

"Marehemu baba," Meneja akasema, kwa kuwa Kobe alikuwa anatazama.

"Nilicheza wimbo wake harusini kwangu," Kobe akasema, na ilikuwa kweli. "Enzi hizo goti bado lilikuwa langu."

Meneja akatabasamu kidogo. Kobe akamwomba amweleze Jumamosi alikuwa wapi, kwa faida ya jalada tu. Meneja alisema alikuwa mapokezi, peke yake, anaangalia kwenye televisheni. Dada wa mapokezi alikuwa ameomba ruhusa akakae na watazamaji. Saa kumi na robo hivi ndipo taa ilipoanguka.

"Uliionaje?"

"Vile ninavyokuona wewe. Naitazama taa inatua kwenye skrini, na papo hapo kishindo ukutani. Kuona na kusikia vilikuwa kitu kimoja, Afande. Moyo ulinipasuka. Mpaka leo mlango ukigongwa nashtuka."

Kobe aliandika polepole, neno kwa neno. Waongo wengi aliowajua walikuwa wakarimu, wakikupa chumvi na bizari ambazo hukuomba. Huyu hakutia kitu. Alisema alichokiona, mwili wake ulikuwa bado unakikumbuka, na mkono uliogusa kifua haukuwa unaigiza. Hilo ndilo lililomfanya Kobe ainue macho kutoka kwenye karatasi.

Akageuza karatasi ya mashtaka. Akafuata mistari ya Sisimizi kwa ncha ya kalamu, kutoka jukwaani kwenda kushoto, kisha kutoka jukwaani kwenda kulia.

"Nisaidie jambo moja dogo," akasema. "Twende tukakae mapokezi."

Mipango ilichukua nusu saa, kwa sababu kamera hazikuwa na haraka kama gari la mahakama. Mwongozaji aliwasha kila kitu kama kilivyokuwa Jumamosi, akaapa kwamba hakuna waya uliohamishwa tangu Sisimizi achukuliwe, kwani hakuna mwingine aliyethubutu kuzigusa nyaya. Dada wa mapokezi alipewa sinia la bati la vikombe, akasimamishwa jukwaani mbele ya kamera. Aliambiwa ainue sinia, atulie, kisha aliachie wakati wowote roho yake itakapopenda.

Kobe na Meneja walikaa kwenye kochi la mapokezi kama wachumba waliogombana. Kwenye televisheni, dada alikuwa ameinua sinia juu ya kichwa.

Ukuta ukalia. Kishindo cha bati, kizito, mpaka kalenda ikatikisika.

Kwenye televisheni, dada alikuwa bado ameinua sinia juu ya kichwa.

Kobe akahesabu kwa sauti ya mtu anayepima unga. "Moja. Mbili."

Ndipo mikono ya dada ikaachia, na sinia likaanguka kimyakimya, kisha sauti ya televisheni ikatoa kishindo chake, cha pili, kidogo na cha aibu.

Kobe akamwinua kwa kiwiko, wakazunguka korido mpaka chumba cha mitambo, sinia likaanguka tena. Safari hii macho na masikio vilipokea pamoja. Hapakuwa na nafasi ya kuingiza hata unywele.

"Huenda Jumamosi mapokezi haikuchelewa," Meneja akasema. "Mitambo ina siku zake."

Dada wa mapokezi alikuwa ameshatumwa kuleta faili la matengenezo. Kobe alilipekua bila haraka, akipita barua za Sisimizi moja baada ya nyingine, dari linavuja, ndoano za taa zina kutu, waya wa kinasa hauna kufuli, mpaka akafika aliyoitaka. Ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Picha ya televisheni ya mapokezi, iliandikwa, huchelewa sekunde mbili kwa kuwa inapita kwenye mtandao, naomba nivute koaksi. Chini yake, kwa wino wa bluu: *Haihitajiki. Wageni hawana haraka.* Na sahihi.

"Mwandiko wa nani huu?"

Meneja aliutazama mwandiko wake kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa nje.

"Kuona na kusikia kitu kimoja," Kobe akasema, "kunapatikana vyumba viwili tu katika nyumba hii nje ya jukwaa. Cha juu walikuwemo wawili, na wewe hukuwa wa tatu. Kinabaki hiki. Bega lako liligusa waya, ukaurudisha, ukasimama hapa kuhakikisha picha ipo sawa. Ndipo taa ikaanguka mbele ya macho yako. Hukunidanganya ulichoona, kaka. Ulinidanganya ulipokaa."

Kobe akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Mama yake yupo kwenye benchi kituoni kwangu tangu Jumatatu," akasema. "Kila siku ananiuliza kama nimekula."

Walirudi ofisini. Meneja aliteremsha kasha la ngozi, akalifungua. Tarumbeta lilikuwa limelala kwenye kitambaa chekundu, linang'aa, na pembeni yake, mahali pa kuwekea kopo la mafuta, ilikuwepo diski.

"Kwa nini hukuifuta?" Kobe akauliza. "Siku tano. Ulikuwa na nyundo, moto, na choo."

Meneja aliichomeka diski kwenye kompyuta ya mezani. Alijua mahali pa kwenda bila kutafuta. Mzee Nyuzi akatokea, amejikunja juu ya gitaa lake kama mtu anayeota moto, anacheka. Alisema habari ya malaria. Alisema habari ya kuandikishwa kwa jina la mwenziwe. Kisha akanyamaza, akanyoosha mkono, akanywa maji kwa utaratibu wa wazee, mpaka tone la mwisho.

"Hapa," Meneja akasema, "hapa ndipo nilipoinuka pale kwenye kochi kwenda kuchukua ufunguo."

Mzee akaweka glasi chini, akafuta mdomo.

"Lakini nawaambia," akasema, "mimi niliutunga tu. Ulikuwa wimbo wa mgonjwa. Tarumbeta ndiye aliyeupulizia uhai. Angekuwa hai leo ningempa wimbo huo mara ya pili, na jina langu nimwongezee."

Meneja akasimamisha picha. Alisema maneno hayo ya mwisho aliyasikia Jumamosi usiku, nyumbani. Jumapili alitaka kuirudisha, akakosa neno la kuirudishia. Jumatatu mzee akafa, polisi wakaja, wakamchukua fundi, na kila siku iliyopita neno lenyewe likawa kubwa kuliko mdomo.

Kobe alitazama saa ya ukutani. Ilionyesha saa kumi kasoro dakika ishirini. Akainua simu ya mezani, akapiga kituoni, akamwambia wa zamu alirudishe ndani jalada la fundi kabla gari halijafika, na amtoe Sisimizi akakae na mama yake kwenye benchi mpaka yeye aje na mtu mwingine. Akasubiri, simu sikioni. Baada ya muda sauti ya wa zamu ikarudi ikasema fundi ametoka, hakulia, ameuliza jambo moja tu.

"Jambo gani?"

"Anauliza kama waya wa kinasa sasa utafungwa wenye kufuli."

Kobe akalisogeza faili la matengenezo mbele ya Meneja, likiwa wazi kwenye barua inayohusu kinasa, akamwekea na kalamu. Meneja aliisoma kutoka juu hadi chini, pengine kwa mara ya kwanza. Akalifuta neno lake la zamani, akaandika *Ifanyike*, akatia sahihi. Kisha akalifunga kasha la tarumbeta, akasimama, na kunyoosha mikono itiwe pingu.

"Shusha," Kobe akasema. "Nishike mkono tu. Goti hili haliwezi tena ngazi za nje."